Usiuze shamba ununue rupia

NENO LA LEO: Mathayo 13:44, Mathayo 22:15–22, Luka 15:8–10

Leo tutazungumzia sarafu za kale, zile ambazo babu na bibi zetu walizifunga kwenye pindo la nguo, na ambazo siku hizi wengine wanazitafuta usiku na mchana wakiamini zitawatoa kwenye umaskini.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini utapita Mkuranga, Jaribu Mpakani na Bungu, kisha utaingia Kibiti. Upande wa mashariki ndiko iliko delta ya Rufiji, mto unakogawanyika katika mikono mingi, katikati ya misitu ya mikoko, mpaka baharini. Kwenye bandari ndogo ya Nyamisati watu hupanda boti kwenda Mafia. Ni nchi ya mpunga, minazi, mikorosho na samaki. Ni nchi pia iliyoonja shida. Aprili 2024 mto ulifurika, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakafunikwa na maji, na familia nyingi zikaanza upya zikiwa mikono mitupu.

Mtu aliyepoteza mavuno ndiye anayefikiwa kwa urahisi na sauti ya kunong'ona: "Mzee, hapa kijijini hakuna mwenye rupia ya Mjerumani? Iko kampuni inanunua kwa mamilioni."

Simulizi hiyo si ya Kibiti peke yake. Imezunguka nchi nzima, na huenda wewe mwenyewe umewahi kuisikia, au ndugu yako amewahi kuchomwa nayo. Kwenye delta, hata hivyo, inapata masikio kwa sababu Mjerumani alipita pale kweli.

MELI ILIYOJIFICHA KWENYE MIKOKO

Septemba 20, 1914 meli ya vita ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, kwenye bandari ya Zanzibar. Kisha ikarudi kujificha kwenye mikono ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwezi uliofuata, wakaziba njia za kutokea, na Julai 11, 1915 ikaharibiwa humo humo mtoni. Mabaharia waliosalia waliokoa kitu walichokihitaji kuliko vyote: mizinga. Mizinga 10 mikubwa ilitolewa, ikafungiwa magurudumu na kukokotwa kwenda vitani nchi kavu. Mmoja wake unaweza kuuona leo Fort Jesus, Mombasa.

Ukiijua habari hii utaelewa kwa nini mtu akikwambia kuna dhahabu ya Mjerumani imezikwa chini ya mkoko, moyo unaruka. Lakini sarafu za dhahabu za Mjerumani tunajua zilikotoka. Zilitengenezwa mwaka 1916 Tabora, mamia ya kilomita kutoka delta, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kwa sababu vita ilikuwa imefunga bahari na fedha haikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Ni sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya 16,000 tu. Königsberg ilikuwa imekwisha lala matopeni tangu mwaka uliotangulia.

Na rupia ya kawaida je? Hiyo ni ya fedha halisi, uzito wake gramu 11.66. Zilianza kupigwa 1890, na kuanzia 1904 rupia moja ikagawanywa katika heller 100. Hapo ndipo tulipopata neno "hela". Kila unapomwambia mtoto wako huna hela, unataja sarafu ya utawala uliokwisha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Neno limebaki, na wenye hela hawapo.

SIKU YA MKUSANYAJI

Sasa, mpendwa, tuwaangalie watu wanaozijua sarafu hizi vizuri kuliko wote. Zile zilizopigwa kuanzia 1904 zina herufi ndogo: A kwa zilizotoka Berlin, J kwa zilizotoka Hamburg. Huko Berlin, kila mwanzo wa mwaka, hufanyika maonesho makubwa ya sarafu yaitwayo World Money Fair. Wauzaji hupanga meza zao, na wakusanyaji hupita meza moja hadi nyingine kutwa nzima.

Mfuate kwa mawazo mkusanyaji mmoja anayetafuta sarafu za pwani yetu. Anaketi mbele ya meza. Anaomba kuona. Muuzaji anamtolea rupia, naye anaishika kwenye ukingo kwa vidole viwili ili asiichafue uso. Anatoa kioo cha kukuzia. Anatazama upande wa kwanza, anaigeuza anatazama wa pili, kisha anazungusha ukingo. Anaiweka kwenye mizani. Anauliza: imetoka wapi? Nani alikuwa nayo kabla yako? Anafungua kitabu chake na kulinganisha. Anauliza bei, anashukuru, anainuka na kwenda meza ya pili. Hakuna anayemwambia afanye haraka kabla mkubwa hajafika.

Sikiliza pia jambo hili. Akikuta sarafu imesuguliwa kwa dawa ikang'aa kama jana, huirudisha mezani. Kwake yeye kusugua kumeiharibu. Anaitaka ile yenye weusi wa umri wake na mikwaruzo ya mikono iliyoipitia, kwa sababu hiyo inasema kweli. Mhubiri angeweza kukaa hapo nusu saa akizungumza nasi tunaokuja ibadani tumejisugua nje tu.

Kwenye meza moja, nyuma ya kioo, mkusanyaji wetu anaona tembo wa Tabora. Anainama na kumtazama kwa muda. Anasoma bei, anajua hana uwezo, anatabasamu na kuendelea. Jioni ananunua heller moja ya shaba kwa fedha kidogo, anaiweka kwenye bahasha, anaenda zake. Familia yake haitalala njaa kwa sababu ya siku hiyo. Na ile rupia ya fedha ya kawaida, ambayo huku kwetu inasemwa kwamba ina thamani ya nyumba ya ghorofa, kwenye meza zile huuzwa kwa makumi ya euro tu, kutegemea mwaka wake na hali yake.

MEZA ISIYO NA TAA

Linganisha na meza ya huku kwetu, ambayo haina taa wala mizani. Mara nyingi mambo huenda hivi. Anakuja mtu wa kwanza, mpole, amevaa vizuri, anasema anatafuta rupia ya mwaka fulani, anaacha namba ya simu ya "mnunuzi" aliyeko mjini. Baada ya siku chache anatokea mtu wa pili, maskini wa kutia huruma, ana rupia hiyo hiyo mfukoni, anataka milioni chache tu kwa sababu mgonjwa wake yuko hospitalini. Unampigia mnunuzi. Anafurahi sana: ichukue haraka, nitakupa mara 10. Unaomba kuipima, unaambiwa ina nguvu, haiguswi ovyo. Unaomba kumshirikisha mkeo au mzee wa kanisa, unaambiwa ukisema, bahati inakimbia.

Basi unauza shamba. Ukirudi na rupia yako, simu ya mnunuzi haipatikani.

Wapendwa, hapa ndipo Mathayo 13:44 inapotushtua. Katika mfano ule wa Bwana, mtu alikuta hazina imefichwa shambani. Kwa furaha akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua lile shamba. Soma tena taratibu. Kwanza aliiona hazina kwa macho yake. Pili, hakuna aliyemfukuza mbio. Furaha ndiyo iliyomtuma. Tatu, mwisho wa yote alikuwa na shamba. Ndugu yetu anayenunua rupia amegeuza mfano wa Bwana juu chini: ameuza shamba ili anunue kitu ambacho hakuwahi kukikagua, akisukumwa na hofu ya kuchelewa, na mwisho wa yote hana shamba wala hazina. Ufalme wa Mungu unamwacha mtu na ardhi chini ya miguu yake. Uongo unamwacha kwenye nyumba ya kupanga, na watoto wakiuliza mbona hatuendi tena kuvuna.

Ndiyo sababu jambo hili si la kuchekesha, ingawa tunalicheka vijiweni. Shamba la familia ni ada ya shule na ni chakula. Ni mahali walipozikwa wazee wetu. Nabothi alipokataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, alisema wazi kwamba ni urithi wa baba zake (1 Wafalme 21). Alijua baadhi ya vitu havina bei hata mfalme akija na mfuko.

SURA YA KAISARI

Sasa ishike ile rupia, uitazame uso wake. Utaona mtu mwenye sharubu, amevaa kofia ya vita yenye tai juu. Pembeni yameandikwa maneno ya Kilatini yanayomtaja Wilhelm wa Pili, mtawala. Wajerumani walimwita Kaiser, na neno hilo limetokana na Kaisari, yule yule tunayemsoma kwenye Injili.

Kwa hiyo wazee wetu wa Rufiji waliishi Mathayo 22 kabla wengi wao hawajaisikia. Tangu 1898 serikali ya Wajerumani ilidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Mkulima alilazimika kuipata sarafu yenye sura ya Kaisari ili airudishe kwa Kaisari. Juu ya kodi yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Mwaka 1905 uvumilivu uliisha. Kutoka Ngarambe, Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliwaita watu kuungana, na vita ya Maji Maji ikasambaa kusini mwa nchi. Agosti mwaka huo alinyongwa Mohoro, huko huko Rufiji. Watu waliokufa katika vita ile, na njaa iliyoifuata, hawahesabiki kwa urahisi.

Kumbuka hayo mtu anapokwambia rupia ya Mjerumani ina baraka. Rupia ile ilikusanywa kwa machozi ya babu zako. Kama ingekuwa na nguvu ya kumtajirisha anayeishika, wao waliozishika kwanza wangekuwa matajiri.

Walipomjia Yesu na swali la mtego kuhusu kodi, naye aliomba aoneshwe sarafu. Akauliza sura iliyochongwa na maandishi yale ni ya nani. Wakajibu, ya Kaisari. Akawaambia cha Kaisari apewe Kaisari, na cha Mungu apewe Mungu. Tumezoea kulitumia neno hilo tunapozungumzia kodi za serikali, na ni sawa. Lakini hoja ya Bwana inakwenda mbali zaidi. Kama sarafu ni ya Kaisari kwa sababu ina sura yake, ni kitu gani chenye sura ya Mungu? Mwanzo 1:27 inajibu: ni mwanadamu, mwanamume na mwanamke. Wewe. Mkeo. Mtoto aliyesimamishwa masomo. Yule tapeli mwenyewe pia, ambaye amesahau sura iliyo juu yake.

Sura ya Kaisari ilipitwa na wakati. Novemba 1918 Wilhelm aliacha kiti na kukimbilia Uholanzi, akafia huko 1941. Baada yake tulitumia fedha zenye sura za wafalme wa Uingereza, kisha Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa na tukapata shilingi yetu wenyewe. Hata hiyo huzeeka. Kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025 Benki Kuu iliwaita wananchi wabadilishe noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, na baada ya hapo hazikuwa tena fedha halali. Kila fedha ina siku yake ya mwisho. Sura ya Mungu ndani ya mtu haijatangaziwa tarehe ya kuondolewa kwenye mzunguko.

GEUZA UPANDE WA PILI

Mkusanyaji, tulisema, huigeuza sarafu. Nasi tugeuze, kwa sababu pwani yetu ina sarafu iliyo kongwe kuliko rupia kwa karne nyingi. Kusini mwa delta, Kilwa Kisiwani, masultani walipiga vijisarafu vidogo vya shaba. Vimeokotwa Kilwa kwenyewe, vimeokotwa Mafia, na kimoja kimepatikana mbali kama Great Zimbabwe. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota vitano kwenye ufukwe wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, pamoja na vinne vya Kiholanzi. Mpaka leo wataalamu wanajadiliana vilifikaje huko.

Hizi hazina sura ya mtu yeyote. Upande mmoja, kwa herufi za Kiarabu, kuna jina la sultani. Upande wa pili kuna maneno ya kusema kwamba sultani huyo anamtumaini Mungu, mpaji wa mema, na pande mbili zina vina vinavyolingana kama shairi. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Baba wa Vipawa kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba maskini mmoja alimsimamisha njiani akimwomba mavazi aliyovaa, naye akaingia ndani, akayavua na kumpa.

Jirani zetu Waislamu wa Kibiti na Mafia wana haki ya kujivunia urithi huo, nasi Wakristo tunaweza kujifunza kwao. Mtawala yule alijua kwamba fedha ina pande mbili. Upande wa kwanza unauliza: hii ni ya nani? Upande wa pili unauliza: mwenye nayo anamtumaini nani? Anayenunua rupia gizani amesahau upande wa pili. Shida yake haikuanzia kwenye sarafu. Ilianza siku alipoacha kuamini kwamba Mungu anaweza kumlisha kupitia jembe, wavu na jirani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuseme kweli nyumbani na kanisani. Jambo lolote la fedha linalotaka umfiche mwenzi wako, wazazi wako au wazee wa kanisa, likatae hapo hapo. Mambo ya Mungu hayaogopi taa. Wachungaji, mapadre na viongozi wa jumuiya, lisemeni hili madhabahuni kwa majina yake, kama mnavyosema kuhusu ulevi.

Pili, ukiokota sarafu ya kale shambani au ufukweni, usiisugue na usiiuze kwa mtu wa njiani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kijisarafu cha Kilwa ni kimoja wapo. Andika ulipokiokota, kisha toa taarifa kwa ofisi ya serikali au makumbusho. Rupia ya babu yako ni ya baadaye kuliko hapo. Itunze, na uwasimulie wajukuu habari ya kodi na ya Mohoro. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Wala usikubali kufukua kaburi la mtu yeyote kutafuta mali. Aliyelala humo naye ana sura ya Mungu.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: tumtafute aliyeanguka. Katika Luka 15 mwanamke alipoteza sarafu moja kati ya 10. Akawasha taa, akafagia nyumba yote mpaka alipoiona, kisha akawaita majirani wafurahi pamoja naye. Angalia kwamba sarafu ile ilipotelea ndani ya nyumba. Ndani ya makanisa yetu wako watu waliotapeliwa. Hawasemi. Wameacha kuja ibadani kwa sababu hawana sadaka, na kwa sababu wanaogopa kicheko. Wengine wamehama kijiji usiku. Tukiwacheka tunamaliza kazi aliyoianza tapeli. Tuwashe taa. Tuwaendee nyumbani, tule nao, tuwasindikize polisi kutoa taarifa, tuwakopeshe mbegu msimu huu. Kama kikundi chenu cha kuweka na kukopa kina akiba, mkumbukeni. Mungu hajaipunguza thamani yake hata senti moja.

Na wewe unayesoma leo huku namba ya "mnunuzi" iko kwenye simu yako, na hati ya shamba umeshaitoa sandukuni: rudisha hati mahali pake. Mwamshe mwenzi wako mzungumze. Kesho asubuhi nendeni wote wawili mkalitazame shamba lenu.

TUOMBE

Baba wa mbinguni, umetuumba kwa sura yako. Tusamehe tulipojipima kwa fedha. Wakumbuke watu wa Kibiti, Rufiji na Mafia, wakulima na wavuvi wao, na wote ambao mafuriko na uongo vimewaacha mikono mitupu. Utupe mkate wetu kwa njia ya mwanga, na utufundishe kumtafuta ndugu aliyepotea mpaka tumwone. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.